Maji Yanashuka kwa Mardochée

Jumatatu, 15 Septemba

Karatasi haina uso, ndiyo sababu naandika hapa. Nikiyasema haya kwa mdomo, watu watasema Maman Constance ana wivu. Mimi nina hesabu tu.

Bwawa langu liko Naviundu, pale bonde linaposhuka kuelekea mto. Urefu mita ishirini na tano, upana kumi na tano, kina mita moja upande wa juu, karibu mbili upande maji yanapotokea. Lilichimbwa kwa jasho la miaka kumi na miwili ya kuuza samaki wakavu, nikienda Pweto, kule ziwani, na kurudi nimekaa juu ya magunia. Baba yangu, mfanyakazi wa reli, aliniachia rozari na baiskeli isiyo na mnyororo. Mengine nimejitafutia.

Mwezi wa tatu nilitia vifaranga mia tisa vya tilapia. Nakadiria mia saba wako hai. Tarehe 29 Novemba binti yangu Chance anaolewa na kijana wa Pweto. Siku wakwe walipoleta mahari, baba wa kijana, Papa Mwila, mvuvi tangu utoto, alisimama na soda mkononi akasema:

"Samaki ya mu kisima iko kama mutoto wa kulelewa mu kabati. Inanenepa, lakini haina akili."

Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Nikasimama na mimi, nikasema samaki wote wa harusi watatoka bwawani kwangu, hata mmoja hatatoka ziwani. Basi neno limeshatoka. Wageni mia tatu, samaki mia mbili na hamsini, wasiopungua gramu mia tatu kila mmoja.

Sasa, chini ya bwawa langu kuna bwawa la Mardochée. Alitoka Likasi juzi tu, miaka miwili haijatimia vizuri. Maji yangu yakijaa yanapita juu ya mbao zilizopangwa ndani ya mlango wa saruji, mlango huo tunauita moine, kisha yanaanguka juu ya mawe na kuingia kwake. Mimi natia mavi ya kuku. Mimi natia machicha ya munkoyo, kinywaji cha mahindi, ninayobeba kutoka kwa wamama wanaopika pale kituo cha basi. Mimi natia majivu kuondoa ukali wa udongo. Yeye anakaa chini anangoja.

Leo nimemwona akitoa samaki mmoja kwa mkono, akimpima kwa macho, akimrudisha. Alikuwa mkubwa kuliko wangu.

Jumanne, 16 Septemba

Nimepima kumi. Wastani gramu mia moja na tisini. Za kwake sijui.

Alhamisi, 18 Septemba

Sasa najua. Doudou, anayenifanyia kazi bwawani, mtu mzima mwenye wajukuu lakini ulimi wa kijana, alishuka kuomba kiberiti, akarudi bila kiberiti, na hesabu ya gramu mia mbili na arobaini.

"Deux cent quarante, patronne. Nilipima miye mwenyewe ku balance yake."

"Nani alikutuma kupima samaki ya bantu?"

"Weye, patronne. Hukusema, lakini ulinituma."

Jumapili, 21 Septemba

Baada ya misa Mama Plamedie, mkubwa wa wamama wa parokia, alinishika mkono kwa furaha. Nikadhani ni mambo ya harusi. Kumbe alikuwa amekula samaki wa Mardochée. "Nyama yake, Constance, iko kama ya kuku! Haina harufu ya matope hata kidogo. Anafanyaka namna gani, ule kijana?"

Nikamwambia anakunywa maji yangu. Akadhani natania.

Jumatano, 24 Septemba

Vumbi. Joto. Hakuna kitu.

Jumamosi, 27 Septemba

Chance anafundisha kemia kwenye shule ya sekondari, kwa hiyo nyumbani kwangu hata kuosha sahani kuna maelezo. Leo tulikuwa tunachambua sombe, majani ya muhogo, nikamuuliza, kama mtu anayeuliza jambo la mbali: samaki wawili, mbegu moja, maji mamoja, kwa nini wa chini anamshinda wa juu?

Akacheka. "Ya Mardochée?"

"Ya mutu yeyote."

"Maji haikatalake kitu, Maman. Chumvi, sukari, mbolea, yote inapokea na inabeba. Kile unaweka juu, kinashuka ku chini. Na ikianguka ku mawe inavunjika-vunjika, inakamata hewa. Samaki inapumua ile hewa iko ndani ya maji. Donc pale chini iko na chakula, iko na hewa."

"Kumbe ni mimi ninamulisha."

"Unamulisha, ndiyo. Na mawe inamupumulisha. Na weye pia, maji ikipita ku kwako inakusafishia..."

Sikusikiliza iliyobaki. Nilikuwa nimeshapata jibu langu. Mwezi wa saba, baridi ilipochoma mboga za majirani na majani ya nyanya yakaamka meusi, maji yangu yalibaki vuguvugu, kwa kuwa bwawa lenye kina halitoi joto lake haraka. Bwawa lake halina kina. Alipoteza arobaini. Nilimpa pole kwa mdomo na nikalala vizuri. Tangu siku ile nilijua Mungu anajua kuhesabu. Sasa naona kijana analipiza kwa mali yangu mwenyewe.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimefunga moine. Mbao zilikuwa tatu, nimeongeza wa nne, nimeshindilia udongo wa mfinyanzi katikati mpaka tone halipiti. Mfereji wa kuingiza maji nimeubana pia, naacha uzi mwembamba wa kurudisha kile jua linachokunywa. Kilicho changu kitabaki kwangu.

Doudou alisimama na sepeto akitazama mawe yanavyokauka. "Patronne, hata mawe ilikuwa inashukuru."

Nikamwambia aende akachukue machicha.

Ijumaa, 3 Oktoba

Alikuja. Alivua kofia, akasimama mbali kidogo na mlango wa uzio kama mtu aliyeleta habari ya msiba.

"Maman, jambo. Maji yetu ilipotea."

"Yetu weye na nani?"

Akatazama viatu vyake. Ana tabia hiyo ya kutazama chini ambayo watu wanaiita heshima. "Basi ya kwenu, Maman. Ile ilikuwa inashuka."

"Ilichoka kushuka."

"Sawa. Miye nilifikiri pengine tuyo ya maji ilivunjika, nije nisaidie kutengeneza." Akavaa kofia. "Nitatafuta fasi ingine ya kutolea maji. Lakini Maman, maji ya kusimama, na joto hii..."

"Mardochée, nilikuuliza?"

"Hapana, Maman."

Akaondoka polepole. Ningependa angetukana. Mtu akikutukana mnalingana.

Jumatatu, 6 Oktoba

Anachimba mfereji wake kutoka kwenye kona ya mto. Anaimba nyimbo za kwaya, sauti ya tatu. Hata sauti ya tatu anaijua.

Alhamisi, 9 Oktoba

Maji yangu yamekuwa kijani kama majani ya matembele. Nikitumbukiza mkono mpaka kiwiko, vidole sivioni. Chakula kitupu! Nimepima kumi: mia mbili na thelathini na tano.

Jumanne, 14 Oktoba

Mfereji wake umefika. Maji yanaingia kwake meupe, yanaruka juu ya mawe mengine aliyoyapanga mwenyewe. Maji matupu, hayana kitu. Anawapa mchwa na majani ya muhogo. Tuone.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimegombana na Chance, wiki sita kabla ya harusi yake.

Alikuja bwawani na kipimajoto cha shule, amekifunga kwenye kamba na jiwe. Juu: thelathini na moja. Chini kabisa: ishirini na tatu. Alivuta pia chupa ya maji ya chini. Yalinuka kama yai lililosahauliwa.

"Maman, ona. Maji ya moto iko nyepesi, inakaa juu, kama mafuta ku supu. Ya baridi iko nzito, inakaa chini. Haichanganyike. Ni kama nyumba ya etage yenye haina ngazi. Bale ba juu banapata hewa. Ku chini kunaoza mavi na machicha, na ile kuoza inakula hewa yote. Samaki yako yote inaishi mu chumba cha juu tu."

"Na chumba cha juu kinawatosha. Wananenepa."

"Leo. Fungua moine kidogo, maji itembee. Ata ubao moja."

"Ni Mardochée alikutuma?"

Alinitazama kama nimemmwagia kitu. "Miye niko mutoto wa nani, Maman?"

"Ndiyo hiyo nauliza. Umeshuka kwake mara ngapi na hiyo kamba yako?"

"Mara moja. Kwake juu ni ishirini na sita, chini ishirini na tano." Akakunja kamba. "Aliniuliza habari za arusi. Aliniuliza kama weye uko muzima."

Naandika hapa kwa kuwa ni kweli: kilichoniuma si maneno ya yai bovu. Kiliniuma kwamba mtoto wangu, ambaye nilimsomesha kwa mgongo huu, alibeba kipimo chake na kukipeleka kwa mtu mwingine, hata kama ni mara moja.

Jumatano, 22 Oktoba

Mawingu yamejikusanya mchana kutwa, yakaondoka bila kusema kitu.

Jumapili, 26 Oktoba

Wamama wa parokia wamemwomba Mardochée aje kuwaonyesha namna ya kufuga. Wamemwomba yeye.

Jumamosi, 1 Novemba

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Asubuhi mapema nimekuta samaki wengi juu ya maji, midomo nje, wanafungua na kufunga.

Doudou: "Banabusu hewa, patronne."

"Wana njaa."

"Njaa ya saa kumi na mbili asubuhi? Jua ikipanda banaacha. Njaa yenye inaogopa jua, miye sijaiona."

Mtu akifungua mdomo mbele yako, unampa chakula. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyolea. Nimeongeza ndoo mbili za machicha.

Jumatano, 5 Novemba

Tena midomo. Ndoo tatu.

Jumapili, 9 Novemba

MIA TATU NA KUMI NA MBILI. Nimepima ishirini safari hii, si kumi, ili nisijidanganye. Doudou ameshuka kuomba chumvi. Ya Mardochée: mia mbili na tisini na nane.

Nimemshinda. Nimekaa ukingoni nikala chikwangue, mkate wa muhogo, peke yangu, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba nimemtazama Mardochée akipita na nikamjibu salamu kwa sauti nzuri.

Jumatano, 12 Novemba

Furaha yangu imeishi siku tatu. Papa Mwila amefika kutoka Pweto mapema, kusaidia matayarisho anasema. Ameleta kikapu cha samaki wakavu na maneno yake.

"Mukwe, nionyeshe basi hii bahari yako."

Nikamwonyesha. Alichuchumaa, akachota maji kwa kiganja, akanusa, akayaacha yavuje katikati ya vidole. Nilikuwa nimemwandalia jibu kwa kila mzaha. Hakutania.

"Samaki iko munene, kweli. Lakini maji imelala, mukwe. Ku ziwa, upepo unaiamsha kila siku. Hii nani anaiamshaka?"

"Hii ni bwawa, Papa. Si ziwa."

"Ata bwawa ina haki ya kuamka."

Kisha akaona mfereji wa chini, akasikia maji yanavyoanguka, akashuka. Amekaa huko kwa Mardochée mpaka chai yangu ikapoa mezani. Niliwasikia wakicheka. Mkwe wangu, aliyekuja kwa harusi ya binti yangu, amekaa juu ya jiwe la jirani yangu akila mahindi ya kuchoma. Mahindi ninayo na mimi. Hakuna aliyeniuliza.

Ijumaa, 14 Novemba

Joto hili si la kawaida. Maji ya juu thelathini na mbili. Kipimajoto nimenunua changu.

Jumapili, 16 Novemba

Padri ameombea mvua. Nimeitikia amina kwa nguvu kuliko wote.

Jumanne, 18 Novemba

Mvua! Ilianza alasiri kwa upepo, bati zikapiga kelele, halafu mvua ya mawe, mawe makubwa kama mbegu za maboga, yakiruka uani. Majirani walitoka na mabeseni. Mimi nilitoka na kitenge changu kizuri, nikacheza, Chance akanicheka kutoka mlangoni, tukapatana. Bwawa lilijaa mawe meupe yanayoelea, mazuri kutazama, kisha yakayeyuka.

Hatimaye.

Jumatano, 19 Novemba

Naandika haya mchana, mikono ikinuka.

Doudou alinigongea kulipopambazuka. Hakusema "patronne". Alisema "Maman, kuya", yaani njoo. Nikajua.

Bwawa lilikuwa limebadilika rangi. Jana lilikuwa kijani, leo jeusi kama chai iliyochemka mara mbili, na harufu ile ya chupa ya Chance ilikuwa imejaa bonde zima. Samaki wote walikuwa juu. Wote. Midomo mia saba nje ya maji, na sauti yake, sijawahi kuisikia, kama umati wa watu wanaokunywa uji wa moto kwa pamoja. Pembeni, wale waliokuwa wameshachoka walikuwa wamelala kwa ubavu, wanapepea mkia polepole.

Nilikata matawi, tukaingia mimi na Doudou mpaka kiunoni tukapiga maji. Pale tulipopiga samaki walikuja, wakapumua kidogo, tulipohamia walizama. Nilifungua mfereji wa kuingiza. Maji ya mto yakaja, lakini unahitaji karibu siku nzima kujaza bwawa kama hili, nimelihesabu mimi mwenyewe, na samaki hawa hawakuwa na hata saa moja.

Chance alikuja mbio, bila viatu.

"Mawe ya jana ilipoza maji ya juu," alisema huku akihema. "Ikakuwa nzito kuliko ya chini. Ikazama, ikasukuma ile yenye kuoza, ikaipandisha. Sasa yote ni moja, Maman. Hakuna tena chumba cha juu."

"Nifanye nini?"

Alitazama moine.

Mardochée alikuwa amesimama chini, kwenye ukingo wake, suruali imekunjwa. Nyuma yake bwawa lake lilikuwa na tope la mvua na hakuna mdomo hata mmoja juu. Lile limezoea kutembea; lilichanganyika usiku kucha na halikuwa na kitu kibaya cha kuchanganya.

"Maman," aliita, "toa mbao. Toa na grillage."

Grillage ni wavu wa chuma unaozuia samaki wasitoke na maji. Bila huo, kila kilicho ndani kinashuka.

"Nitoe maji tu, niache grillage."

"Ukitoa maji tu, zitabaki mu ile matope ya chini, na ile ndiyo inaziua. Zishuke na maji. Zikianguka ku mawe, hapo hapo zitakamata hewa."

"Zitaingia kwako."

"Zitaingia kwangu, ndiyo."

"Na hii maji muchafu itaingia kwako. Yako zitakufa."

"Zingine. Ya kwangu inatembea, itaisukuma." Akafuta uso kwa mkono. "Maman Constance. Kwangu zitakuwa zinapumua."

Nilisimama na mkono juu ya mbao. Nilisimama muda wa Baba Yetu mmoja na nusu. Nilikuwa nahesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa hii: mia saba wangu, mia tatu na kitu wake, wakichanganyika nani atasema huyu wa nani? Tilapia hana chapa. Watu watakula na kusema samaki wa Mardochée. Kwa muda wote wa sala ile niliona afadhali wafe wakiwa wangu.

Karibu na goti langu kulikuwa na jike. Jike la tilapia halina kiota cha kutunzia. Watoto wake anawabeba mdomoni, hali wiki nzima na zaidi, amefunga mdomo. Huyu alikuwa amepanda juu kama wengine. Alijaribu kupumua huku amefunga. Alizama, akarudi. Akajaribu tena. Halafu akafungua, na watoto wakatoka, wadogo kama punje za ulezi, wakatawanyika katika maji yale meusi, na yeye akapumua mara moja, akawageukia, hakuwapata.

Nikavuta ubao wa nne. Udongo niliokuwa nimeushindilia uligoma, nikauchimba kwa kucha. Nikavuta wa tatu, wa pili. Doudou akang'oa grillage.

Yalitoka kwa kishindo. Maji, matope, machicha yangu, na samaki, fedha-fedha katikati ya weusi, wakianguka juu ya mawe, wengine wakirukaruka mpaka kwenye majani, na Mardochée na Chance wakikimbia kuwaokota na kuwatupa kwake. Papa Mwila alitokea sijui wapi, ameshika sandali zake, akaingia na nguo za kanisani. Alikuwa anapiga kelele kama mtoto: "Kuyeni! Kuyeni kwa bantu bazima!"

Waliokufa nimewahesabu: mia moja na themanini na nne kwangu. Kwa Mardochée wamekufa ishirini na tisa mpaka saa hii. Wake au wangu, sijui. Hakuna anayejua.

Bwawani kwangu kumebaki dimbwi na nyayo zetu.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimeshuka kwake kuzungumza. Nilikuwa na hesabu tayari: wangu waliovuka ni kama mia tano na kumi, wake kama mia tatu, kwa hiyo kati ya samaki wanane watano ni wangu.

"Na ile ishirini na tisa?" akauliza. Si mjinga.

"Tugawe na ile kwa kipimo hicho hicho."

"Maman, samaki si ya kugawa mu kichwa. Arusi kwanza. Mia mbili na makumi tano ya Chance, tutatoa. Yenye itabaki, kila mutu atupe wavu yake, mara moja weye, mara moja miye, mpaka iishe. Kwetu Likasi tunafanyaka hivyo."

"Wavu ina bahati. Kilo haina bahati."

"Ndiyo muzuri. Bahati haina hasira."

Kisha akaweka masharti yake, nami nikashangaa, maana nilimdhani malaika, na malaika wananichosha. La kwanza: moine isifungwe tena, tuseme mbele ya Doudou na Chance. La pili, alilisema akitazama viatu: siku ya harusi asiwekwe nje na majirani, awekwe ndani ya hema kubwa, meza ya familia, karibu na Papa Mwila.

Kumbe na yeye anatamani kitu cha mtu. Nilimpenda kidogo kwa hilo. Nikakubali yote mawili, la pili kwa uchungu zaidi.

Jumapili, 23 Novemba

Mvua ndogo. Nimetoa matope ya chini ya bwawa, ndoo baada ya ndoo. Ni meusi, yananuka, na yamejaa kila kitu nilichobeba mgongoni tangu Septemba. Nimeyamwaga kwenye mahindi.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimejaza upya. Mbao tatu. Maji yanapita.

Ijumaa, 28 Novemba

Tumevua. Mia mbili na hamsini wa harusi tumewatoa kwanza, kisha tukatupa nyavu kwa zamu. Wavu wangu wa kwanza: thelathini na mmoja. Wake wa kwanza: hamsini na wanne. Sisemi kitu. Wakati wa kuwaosha nilijaribu kuwatambua wangu. Niliwatazama machoni, mmoja mmoja, mpaka Chance akaninong'oneza, "Maman, bakwe banakuangalia."

Jumapili, 30 Novemba

Jana binti yangu ameolewa. Alikuwa mzuri hata nikasahau kuhesabu wageni; Doudou anasema walikuwa karibu mia tatu na arobaini, na chakula kilitosha.

Mardochée alikuwa amevaa koti la kuazima, mikono yake inaishia mbali na mkono wa koti. Alikaa meza ya familia kama alivyotaka, mgongo wima. Samaki walipofika kimya kikaingia hemani, kile kimya kizuri cha vinywa vilivyojaa. Papa Mwila alimaliza upande mmoja, akageuza, akamaliza wa pili. Akasimama na soda yake. Moyo wangu ukasimama naye.

"Nilisema neno mbaya siku ya mahari," alisema. "Nalimeza pamoja na hii samaki. Nani aliilea?"

Watu wa Pweto wote waligeuka. Nilifungua mdomo. Lakini Mardochée alikuwa ameshasimama, koti lake limepanda mpaka kiwiko.

"Ni Maman Constance," alisema. "Kwangu ilikuja kupumua tu."

Hema zima likacheka, likapiga makofi. Vigelegele vikatoka upande wa Pweto na upande wetu. Sifa ilikuwa yangu, kwa jina langu, mbele ya watu niliotaka waisikie, na wote walikuwa wanamtazama yeye. Alinipa kama mtu anavyompa mwenzake kiti kwenye basi, bila kupima. Mimi ningekuwa mahali pake ningepima. Hilo ndilo nilimwonea wivu jana, kuliko maji, kuliko gramu, kuliko wavu wenye bahati.

Sahani ya mama wa bibi harusi kwetu ina kichwa cha samaki mkubwa kuliko wote. Hakigawiwi. Nikakitoa kwenye sahani yangu, nikazunguka meza, nikakiweka kwenye yake. Mama Plamedie akapiga kelele za furaha, akisema ona moyo wa Constance. Mardochée alikataa mara moja, kwa adabu. Nikamwambia, "Kula, mwanangu, kabla sijabadilisha mawazo."

Nilisimama nyuma yake mpaka akamaliza. Alifyonza mifupa mmoja mmoja. Hakuniachia hata jicho.